Tundu kwanza, chambo baadaye: kumtafuta kambare chini ya jamvi la mafunjo

Jamvi la mafunjo, yaani mafunjo yaliyoota yakashikana na kuufunika uso wa maji, halina samaki. Wenye samaki ni matundu yake. Mgeni wa vinamasi vya mto Mpologoma, mashariki mwa Uganda, huona ekari kwa ekari za kijani akadhani huko chini kambare wamejipanga kama dagaa guniani. Anakata tundu pale mtumbwi ulipokwama, anatega, na asubuhi anapandisha mgono, yaani mtego wake wa samaki, wenye majani yaliyooza na konokono wawili. Anamlaumu mwezi, analaumu chambo. Kumbe alitega mahali ambapo samaki hana pa kuvutia pumzi.

Maji tunayoyazungumzia ni haya: Manafwa inateremka kutoka Mlima Elgon, inapita kwenye mashamba ya mpunga ya Doho kule Butaleja, inaingia Mpologoma, na Mpologoma inatambaa kuelekea Ziwa Kyoga huku imejaa mafunjo pande zote. Kyoga nayo ni pana lakini haina kina. Wastani wake ni kama mita 3 tu. Ukiwa huko, upondo, ule mti mrefu wa kusukumia mtumbwi, unakutosha karibu kila mahali, na kinachokusumbua ni kile kilichoufunika uso wa maji.

Chini ya mafunjo ni giza. Mwanga haufiki, kwa hiyo mimea midogo ya majini haitengenezi oksijeni. Upepo haufiki, kwa hiyo maji hayachanganyiki na hewa. Wakati huohuo majani na mashina makuukuu yanaoza, na kuoza kunakula ile oksijeni kidogo iliyobaki. Ndiyo maana maji ya huko yana rangi ya chai ya mkandaa na samaki wengi hawayawezi. Sangara, aliyepandikizwa Kyoga miaka ya 1950, anashindwa kupenya kinamasi cha namna hiyo, na hilo ndilo lililoviokoa viziwa vidogo kama Nawampasa: samaki wa asili walibaki huko baada ya kupungua vibaya katika ziwa kubwa.

Wavuvi wa nchi za baridi wanalijua jambo hili kwa sura nyingine. Huko Ufini au Kanada ziwa la kina kidogo likifunikwa na barafu, kisha theluji ikalala juu yake, mwanga unakatika, mimea inaoza, na samaki husogea kwenye mdomo wa mto ambako maji mapya yanaingia. Mvuvi wa huko hutoboa barafu akitafuta pumzi ya samaki kama sisi tunavyotoboa mafunjo. Tofauti ni kwamba samaki wetu wawili wakubwa wa kinamasi wanapanda wenyewe kuvuta hewa, na wakipanda wanajitaja.

Wawili hao ni nani

Wa kwanza ni kambare, ambaye Waganda na Wasoga humwita male. Ana mashavu ya kupumulia majini kama samaki wengine, lakini nyuma ya mashavu ana kiungo chenye matawi kama uyoga cha kuvutia hewa ya juu. Maji yakiwa mazuri anaweza kukaa chini muda mrefu. Yakichafuka hupanda mara kwa mara.

Wa pili ni kamongo. Huyu ana mapafu hasa, na akishakua takriban asilimia 90 ya oksijeni yake anaitoa hewani. Mzuie asifike juu, atazama afe maji kama mtu. Kwa Kiganda jina lake ni emmamba, na hapo msemaji wa Kiswahili aangalie sana. Mwenyeji akikwambia mamba wamejaa kwenye mafunjo, anakupa habari njema. Akitaja ggoonya, huyo ndiye mamba wa Kiswahili: rudisha mtumbwi.

Kusoma pumzi

Kazi hii hufanywa kabla hujanoa panga. Chagua kipindi cha kiangazi, Desemba hadi Februari, maji yakiwa yameshuka na kambare wametoka kwenye majani ya pembezoni yaliyokauka. Mvua kubwa za Machi hadi Mei zikianza, kambare hutawanyika kwenda kutaga kwenye mbuga zilizofurika na vijito, na matundu yako yatalala njaa.

Fika saa 11 alfajiri au saa 12 jioni, upepo ukiwa umetulia. Funga mtumbwi kwenye mafunjo, weka kafi ndani taratibu lisigonge ubavu, kisha kaa dakika 20 bila kusogea. Tumia sikio kuliko macho.

Kambare hupanda kwa kasi. Utasikia mlio mfupi, kama mtu anayefyonza mchuzi wa moto kwenye kijiko, kisha duara moja linatanuka juu ya maji na viputo vichache vinamfuata kuelekea alikokwenda. Kamongo hana haraka. Pua inajitokeza kwanza kama ncha ya kijiti, mdomo unafunguka, unasikia pumzi nzito, kisha anashuka kinyumenyume na mapovu machache yanamtoka kwenye matundu ya mashavu. Akishamaliza anaweza kukaa muda mrefu bila kurudi, kwa hiyo kumsikia mara moja ni habari tosha.

Kinachowapoteza wengi ni mapovu ya gesi. Tope la kinamasi limejaa gesi ya kuoza, na ukikanyaga jamvi au ukichoma upondo inatoka kwa wingi. Zitofautishe hivi: mapovu ya gesi hutoka mahali palepale, mfululizo, makubwa kwa madogo, na mara nyingi huja na harufu ya yai bovu. Mapovu ya samaki ni machache, yana mwelekeo, na hukoma. Ukiona povu linachemka pasipo duara la mgongo au mkia, usihesabu.

Hesabu pumzi kwa kila uwazi. Tukisikia chini ya tatu kwa dakika 20, tunahama. Tano na kuendelea, hapo panafaa kupimwa.

Usitafute uwazi katikati ya jamvi zima lisilopasuka. Samaki hupanda penye njia, kwa hiyo fuata njia zilizopo: nyufa ambako vipande viwili vya mafunjo vinagusana, mapito ya nzohe (swala wa vinamasi) na viboko, vidimbwi vyenye mayungiyungi, na zaidi ya vyote ukingo ambako maji ya mto yanapita kandokando ya mafunjo. Ukanda wa mita 10 hadi 15 kutoka ukingo huo kuingia ndani ndio wenye mali. Samaki analala gizani, anakula ukingoni, na juu anapata hewa. Ukizidi kuingia ndani unachoka bure.

Upondo unaopima

Upondo wa kawaida hukwambia kina tu. Unahitaji kujua vitu vitatu: jamvi lina unene gani, maji huru yaliyo chini yake ni kiasi gani, na tope linaanzia wapi.

Chukua mti mnyoofu wa mita 4. Uchonge alama kila sentimita 10, na kila nusu mita funga kitambaa uweze kukisoma kukiwa na giza. Karibu na ncha ya chini funga kijiti cha sentimita 15 kilichokaa kimsalaba. Tafuta upenyo kati ya mashina mawili, uzungushe upondo mpaka kijiti kipite, kisha upandishe polepole. Kijiti kitagota chini ya jamvi. Shika alama iliyo sawa na uso wa maji: huo ndio unene. Halafu ushushe mpaka kijiti kikae kwenye kitu kinachobonyea kama ugali mlaini. Hilo ni tope. Soma tena.

Mfano: kijiti kimegota kwenye sentimita 80, tope limeanza kwenye mita 1 na sentimita 70. Maji huru ni sentimita 90. Hapo pazuri kwa kambare. Maji huru yakiwa chini ya sentimita 50 mwachie kamongo, na yakiwa hayapo kabisa ujue jamvi limekalia tope. Hili hutokea sana mwishoni mwa Januari: mahali palipotoa samaki Desemba panakufa ghafla, na watu husema samaki wamehama kwa sababu ya uchawi wa jirani. Maji yameshuka, jamvi limeshuka nayo, na chumba cha samaki kimefungwa. Pima tena kila wiki mbili.

Kitu kingine ambacho upondo unakuonyesha ni kama jamvi limetia nanga au linaelea huru. Chomeka upondo mmoja mpaka kwenye udongo mgumu wa chini, na mwingine uchomeke kwenye mafunjo tu, umbali wa hatua moja. Rudi asubuhi. Umbali ukibadilika, hicho ni kisiwa kinachotembea; usikate tundu, na usilale juu yake. Baada ya mvua za El Niño za 1997 na 1998 visiwa vya namna hiyo viliziba njia ya Nile kutoka Kyoga, na Aprili 2020 kisiwa kimoja kilichoelea hadi bwawa la Nalubaale kule Jinja kiliiacha nchi nzima gizani. Tundu lako la sentimita 60 halitakisimamisha.

Kulikata tundu

Kukata mafunjo ni kugusa kinamasi, na vinamasi vya Uganda vinalindwa kisheria. Pitia kwanza kwa ofisa mazingira na ofisa uvuvi wa wilaya, uwe na leseni mkononi. Mara nyingi hata huhitaji kukata kitu, kwa kuwa pito la nzohe likisafishwa kidogo linafanya kazi kuliko tundu jipya.

Ukikata, nenda wawili. Kanyaga kwenye vitako vya mashina, pale mashina manene yaliyolala yanaposhikana. Usikanyage majani mafupi yanayong'aa wala mahali palipo kama kapeti laini, maana hapo ni ngozi tu juu ya maji. Upondo ushikwe kimsalaba kifuani: ukitumbukia, utakushika. Matita mawili ya mafunjo yaliyofungwa na kulazwa sambamba yanakupa mahali pa kupiga magoti.

Tundu liwe sentimita 60 kwa 60, si zaidi. Mafunjo ya pembeni yaache yasimame yatoe kivuli, kwa sababu kambare akiona mwanga mwingi anasita kupanda mchana. Likate panga likiwa limelala kidogo, chini pawe papana kuliko juu. Kingo zikiwa wima au zikijikunja kwa ndani, kamba ya mgono itasagika na samaki akipanda atagonga mizizi. Bonge usilitoe zima, lina uzito wa gunia la mchanga. Ligawe mara nne, vuta kipande kimojakimoja kwa ndoano ya chuma, uviweke kando, mizizi ikiangalia chini. Utavihitaji mwisho wa msimu.

Halafu ondoka, usitege siku hiyo. Kukata kunatibua tope, gesi ya yai bovu inapanda, na oksijeni ya hapo inaisha kabisa kwa muda. Samaki watakuwa wamekimbia. Subiri usiku 2 au 3, rudi uondoe taka zinazoelea kwa kikapu, kaa tena dakika 20. Ukisikia pumzi ndani ya tundu lenyewe, samaki wamelipokea. Huu ndio uvumilivu ambao wengi hawana, na nadhani ndio unaotenganisha wenye samaki na wenye malalamiko kuliko aina ya chambo.

Mstari wa matundu matano unatosha: la kwanza mita 3 kutoka ukingoni, mengine kila baada ya mita 4 kuingia ndani. Ndani ya wiki moja utajua ni yapi yanatoa. Mara nyingi ni la pili na la tatu. La tano acha lijifunge.

Mgono na ndoana

Mgono mzuri kwa tundu hili una urefu wa mita 1 na sentimita 20, mdomo wa sentimita 40, na ndani una koo la vijiti vilivyochongoka lenye uwazi wa sentimita 12. Vijiti vya koo viwe vyepesi kunyumbuka, samaki avisukume akiingia na vimrudie usoni akitaka kutoka. Vikiwa vigumu ataonja na kurudi. Vikilegea sana atatoka kama alivyoingia.

Sasa jambo ambalo halisemwi vya kutosha. Usizamishe mgono wote. Samaki hawa wanavuta hewa, na ukiwafungia chini ya maji yasiyo na oksijeni watakufa kabla ya usiku wa manane, na kufikia asubuhi katika maji ya nyuzi 24 au 25 nyama imeshalegea na tumbo limevimba. Mgono ukae kwa mshazari: mdomo chini, kwenye maji huru, mkia juu, angalau sentimita 15 ukiwa nje ya maji. Funga mkia kwenye mti uliolazwa juu ya tundu. Kambare aliyenaswa atapanda mkiani, atapumua, na utamkuta mzima akikukoromea.

Kanuni hiyohiyo inahusu ndoana. Kamba kutoka mtini hadi ndoana iwe ndefu kupita kina cha maji huru kwa sentimita 30, ili samaki aweze kupanda juu akiwa amenaswa. Kamba iliyokazwa na jiwe chini humzamisha kamongo. Mti wa kufungia uwe mbichi unaopinda, kwa kuwa mti mkavu humpa samaki kitu kigumu cha kuvutia mpaka achane mdomo.

Kwa kambare tumia uzi wa nailoni uliosokotwa, unene wa kamba ya viatu, na ndoana namba 8 au 9. Kwa kamongo uzi peke yake hautoshi. Ana mabamba ya meno yanayosaga konokono na ganda lake. Uzi ataukata mara moja. Sentimita 20 za mwisho ziwe waya. Waya wa breki ya baiskeli ukifumuliwa, nyuzi zake tatu zikasokotwa pamoja, zinafaa sana na mafundi wa baiskeli hutupa vipande kila siku.

Chambo hakina siri kubwa. Nyungunyungu kwa kambare, watatu au wanne kwenye ndoana moja mpaka ijae. Konokono aliyepondwa au kipande cha samaki kwa kamongo. Sabuni ya mche iliyokatwa vipande vya sentimita 2 pia humkamata kambare, na sifa yake kubwa ni kwamba furu, wale samaki wadogo, hawaidonoidonoi usiku kucha kama wanavyomaliza nyungunyungu. Tega saa 11 jioni, pandisha saa 12 asubuhi.

Maji meusi

Kuna siku hesabu zote zinavurugika. Dhoruba ikipiga usiku, au mvua ya ghafla ikinyesha Elgon na mto ukajaa, maji yasiyo na oksijeni yaliyokuwa chini ya jamvi yanasukumwa nje hadi kwenye uwazi. Asubuhi utaona ngege wakipanga midomo juu ya maji wakihema, na wengine wamegeuka tumbo. Watu hudhani kuna aliyemwaga sumu. Wakati mwingine ni kweli, lakini angalia kwanza: maji yakiwa na rangi ya chai nzito na harufu ya yai bovu, na kambare wakiwa wazima wanarandaranda, ni kinamasi kimejitapika.

Siku hiyo matundu hayana maana. Kambare wametoka nje kula samaki waliolegea. Hamishia ndoana kwenye ukingo wa maji wazi, upande ambao upepo unasukumia mizoga. Ngege waliobaki watakuwa wamekimbilia mdomo wa mto, kwenye maji mapya. Usiwafuate na nyavu za macho madogo. Waliofika hapo ndio mbegu ya msimu ujao.

Mikononi

Kambare ana mwiba mgumu kwenye kila pezi la kifuani. Mshike kutoka juu, kiganja nyuma ya kichwa, kidole gumba na cha shahada vikiwa nyuma ya miiba, siyo mbele yake. Kamongo usimtoe ndoana mdomoni akiwa hai, hata akiwa ametulia namna gani. Kata waya, umtoe ndoana ukishamwua. Vidole vilivyopotea kwenye kinamasi vingi vilipotea kwa haraka hiyo.

Wote wawili hukaa hai kutwa nzima kwenye gunia la katani lililoloweshwa na kuwekwa kivulini, na mzima ana bei kuliko mfu. Kwa kamongo uliza soko kwanza: watu wa ukoo wa Mmamba wa Buganda hawamli, kwa kuwa ndiye mwiko wao, na kwa desturi ya zamani wanawake wengi hawakumla. Ukibeba kumi kwenye soko lisilo lake utarudi nao.

Vaa buti ndefu. Maji yanayotuama karibu na mwalo yana konokono wa kichocho, na buti ni rahisi kuliko dawa.

Mvua zikianza Machi, funga kazi. Kamongo dume hulinda mayai na watoto kwenye shimo ndani ya mizizi ya mafunjo, na ukiona tundu lenye tope lililosafishwa na kitu kinachokurupukia upondo, ni yeye, mpishe. Toa miti yote, rudisha yale mabonge manne ndani ya tundu, mizizi chini, uyabane kwa vijiti viwili vya kimsalaba yasielee. Kabla hujaondoka simika mti mrefu wenye kitambaa pale pembeni. Mafunjo yataanza kushikana kabla ya mvua kukatika, lakini hayatakuwa yamekomaa, na mchunga ng'ombe anayekata njia ya mkato hatajua kwamba hapo palikuwa na tundu.